Mzani wa vyuma chakavu, na sehemu nyingine nilikojifunzia uinjinia

Jumanne ile baada ya Pasaka ya 2013 mzee wetu wa saiti hakusalimia mtu. Sisi tumeshazoea akifika anapiga stori za Simba kwanza, siku hiyo kashuka kwenye gari kaenda moja kwa moja kwenye rundo la nondo, kasimama pale anaziangalia kama mtu anayenunua samaki asiyemwamini muuzaji. Mimi nilikua na miezi michache tu kazini, nimemaliza Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 2012, niko kwenye ule mpango wa ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, wa kunoa wahitimu miaka mitatu ndio uombe usajili kamili, SEAP, na saiti yenyewe ilikua ghorofa tano hapo Upanga, Dar. Ijumaa Kuu tarehe 29 Machi jengo la ghorofa 16 liliporomoka mtaa wa Indira Gandhi, asubuhi asubuhi, wakafa watu 36. Kutoka saiti yetu mpaka pale ni mwendo wa miguu. Kila mtu pale alikua na lake la kusema, mara mchanga, mara ghorofa zimezidi, mara hela imeliwa, na mzee akatuacha tuongee weee mpaka tukachoka.

Akaniita. "Binti, nondo ya 12 urefu mita 12 ina uzito gani?"

Nikajibu kwa kujiamini kabisa, nondo ya milimita 12 ni kilo 0.888 kwa mita, kwahiyo kilo 10 na nusu na kidogo.

"Hiyo ya kwenye kitabu. Nimekuuliza hii."

Sikua na jibu. Akamtuma kijana nyuma ya ukuta kwa jamaa wa vyuma chakavu akaazime mzani, ule wa ndoano, umechakaa kioo kimepasuka. Tukachagua nondo kumi bila kuangalia, tukazikunja katikati maana mita 12 hazining'inii, tukafunga kamba tukawa tunainua mojamoja watu wawili mmoja asome. Ya kwanza kilo 9.4. Ya pili 9.5. Ya tatu 9.4 tena. Hakuna hata moja iliyogonga 10. Mzee akasema tupime na jiwe la kilo 5 la dukani kuhakikisha mzani hauongopi, mzani ukawa sawa, yani aliyeongopa ni nondo.

Mahesabu yake ni mepesi na nayaandika hapa maana mpaka leo nakutana na mainjinia wenzangu hawajawahi kuyafanya. Chukua kipenyo kwa milimita, zidisha kwa chenyewe, gawa kwa 162, unapata kilo kwa mita moja. Ukienda kinyume, nondo ya kilo 9.4 kwa mita 12 kipenyo chake ni milimita 11 na robo hivi. Chuma kimepungua asilimia 12. Kiwango cha Uingereza tulichokua tunakifuata kinaruhusu uzito upungue au uzidi asilimia 4.5 kwa nondo zinazozidi milimita 8, basi. Hapo hata hatujafika kwenye ugumu wa chuma chenyewe. Nilivyokuja kuangalia michoro nikakuta injinia aliyesanifu katumia chuma cha 500, yani daraja la nguvu yake, karatasi ya kiwandani iliyokuja na mzigo inasema 460. 460 kwa 500 ni asilimia 92. Zidisha na ile 88 iliyobaki, unabaki na 81. Yani karibu moja ya tano ya nguvu imeshapotea zege haijamwagwa, fundi hajakosea kitu, na kwenye kompyuta kila kitu kiko kijani.

Nikatumwa dukani kurudisha mzigo. Muuza duka wala hakukasirika, akaniangalia kwa huruma kabisa, "Dada, nyie mliagiza 12. Hii ndio 12. Mkitaka 12 kamili mseme 12 kamili." Nilisimama pale nikaelewa kwamba soko lina lugha yake na hakuna mwalimu aliyenifundisha. Kuna 12 na kuna 12 kamili, bei mbili tofauti, kila fundi Dar anajua, injinia mwenye digrii ndio hajui.

Toka siku hiyo nina mzani wangu kwenye buti ya gari.

Nimeanza na hiyo stori kwasababu huwa naulizwa sana na vijana wanaoanza, dada vitabu gani nisome, viwango nitavipata wapi, na mimi jibu langu huwa linawakera maana nusu ya vitu nilivyohitaji sikuvikuta kwenye kitabu, na nusu nyingine vilikua kwenye makaratasi yaliyotawanyika ofisi kumi tofauti, lazima uvae viatu uende.

Mfano viwango. Sisi Mlimani tulifundishwa zege kwa BS 8110, ile ya Waingereza, na Waingereza wenyewe waliiondoa 2010 wakahamia Eurocode, viwango vya Ulaya. Ofisi nyingi hapa ziliendelea nayo miaka na miaka, na mimi siwalaumu, ni kitabu kizuri, chembamba, kinaeleweka. Shida inakuja ofisi moja ikiwa na wazee wa BS na vijana wa Eurocode kwenye mradi mmoja, kila mtu anaongea lugha yake na hakuna anayejua kwamba mwenzake anaongea nyingine.

Ilinikuta 2017. Kosa langu, sijifichi. Niliandika kwenye mchoro zege ya nguzo C25/30. Kwa mtu wa Eurocode hiyo ni zege moja yenye majina mawili, ukiipima nguvu kwa silinda inatoa 25, ukiipima kwa kyubu inatoa 30. Sasa hapa kwetu sisi tunapima kwa kyubu, zile boksi za chuma za milimita 150, na kwa mtu wa BS namba ikiandikwa 25 ni ya kyubu, hana haja ya kuuliza. Foremani akaona ule mkwaju wa katikati ya 25 na 30 unamchelewesha, kwenye kitabu chake akaandika C25, akachanganya zege ya 25, akapeleka kyubu maabara, siku ya 28 majibu yakaja 26, 27, 26, maabara wakaandika imefaulu. Na kweli imefaulu, walichoulizwa ni 25! Mimi yale majibu nimeyaona wiki tatu baadae, tayari tuko ghorofa ya pili, nimekaa kwenye kiti cha plastiki na chai mkononi nasoma 26 na nasikia tumbo linapoa.

Hatukubomoa. Tulisimamisha kazi, tukaacha mirunda isitoke, tukatoboa zege tukapeleka vipande maabara, nikarudia mahesabu nguzo moja baada ya nyingine kwa nguvu iliyopo na sio niliyoitaka. Nyingi zilipona maana ya chini yalikua maofisi mepesi. Nne hazikupona, tukazivalisha, yani unazunguka nguzo na nondo mpya unamwaga zege juu yake inakua nene kama mtu aliyevaa makoti mawili. Mwenye jengo alilipa nusu, kampuni nusu, na mimi nililipa kwa kutolala kama mwezi. Sasa hivi mchoro wangu wowote una sanduku kubwa kona ya chini limeandikwa kwa Kiswahili: ZEGE YA NGUZO, KYUBU SIKU 28 ISIPUNGUE 30. Kuna konsaltanti mmoja aliniambia mchoro kuandikwa Kiswahili sio profeshno. Nikamwuliza anayemwaga zege ni nani.

Na Eurocode ina matundu, wameyaacha makusudi, kila nchi ijaze namba zake, upepo kiasi gani, tetemeko kiasi gani. Usipojaza wewe, programu inajaza yenyewe. Nimewahi kukagua kazi ya kijana mmoja, paa la ghala Temeke, naona bati na chuma vimekua vizito vizito tu sielewi, kufungua kumbe programu ilikua kwenye mipangilio ya Ulaya na ghala limebebeshwa theluji. Theluji, Temeke! Tulicheka mpaka machozi, ila nikamwambia leo imeongeza chuma tukacheka, kesho itakua namba iliyopunguza na hutaiona. Upepo akaenda kuuliza TMA, mamlaka ya hali ya hewa, na pwani hii upepo sio wa kudharau, Mei 2024 kimbunga Hidaya kilituamsha wote kuanzia Mafia mpaka huku.

Kwenye vifaa afadhali, maana Jumuiya ya Afrika Mashariki wana viwango vya pamoja, saruji EAS 18, nondo EAS 412, kwahiyo mzigo ukitoka Kenya au Uganda unausoma kwa kitabu kile kile. Nilinunua nakala TBS, shirika la viwango, pale Ubungo, nikatoka nayo nimeikumbatia kama albamu ya harusi. Naenda nayo dukani. Muuza duka ukimwambia "hii haifai" mtabishana mpaka jioni, ukimfungulia ukurasa ukamwekea kidole kwenye mstari, sauti inashuka.

Twende kwenye ardhi sasa, maana hapa ndio mambo yalipo.

Kuna kiwanja kimoja tulipewa Mikocheni, kabla ya korona, nyumba ya ghorofa mbili na mwenye nyumba anataka na chumba cha chini ya ardhi cha sinema. Ripoti ya udongo ilikuja imepimwa Septemba, imesema maji hayajaonekana mpaka mita tatu. Nzuri tu, imepigwa muhuri. Jirani na kiwanja kulikua na mzee mmoja anauza miche ya maua, nikawa nanunua maji kwake, siku moja ananiuliza tunachimba nini. Shikamoo mzee, tunachimba chumba cha chini. Marahaba. Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, hapa panaitwaje?"

"Mikocheni."

"Kwasababu gani?"

Sijui. Akanionyesha kwa mkono, palikua na mikoche hapa, ile mitende ya porini yenye kugawanyika matawi, na mkoche hausimami mahali pakavu, unafuata maji ya chini. "Njoo masika uone bustani yangu."

Nikaenda nyumbani nikachukua ramani ya Dar nikaanza kusoma majina kama mtoto wa darasa la kwanza. Msasani Bonde la Mpunga. Mpunga unalimwa wapi jamani? Mchikichini, michikichi, na uko pembeni ya bonde la Msimbazi. Mtoni. Watu waliopaita hivyo walikua wanatuachia ripoti ya udongo ya bure, imekaa kwenye vibao vya daladala miaka yote, na sisi tunapita tunasoma tunashuka hatuelewi. Simaanishi usitoboe ardhi ukasome jina tu, hapana, ila jina linakwambia swali la kwenda kumuuliza mtoboaji, na mwezi gani wa kwenda kumuuliza. Tulichimba shimo la majaribio tukaliacha wazi mpaka Aprili. Maji yalisimama mita moja na kidogo kutoka juu, kuna na vyura. Sinema ikahamia ghorofa ya pili.

Wachimba visima pia, hawa watu wanaonewa sana. Mchimba kisima wa mtaani amechimba mashimo 40 ndani ya kata moja, anakwambia hapa mchanga mpaka futi nane halafu mfinyanzi, pale kwa mama fulani ukigonga futi sita unakutana na jiwe la matumbawe. Hajui kusoma ripoti yangu ila ripoti yangu ina mashimo mawili tu. Kaka yangu yeye alijenga Dodoma kwenye udongo mweusi wa mbuga bila kuuliza mtu, ukuta wake kiangazi unapasuka unaweza kupitisha ufunguo, masika unajifunga, ameshapiga plasta mara tatu. Kila nikienda ananionyesha ufa kama vile mimi ndio nilimchimbia msingi.

Alafu Bukoba.

Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi mchana, ukubwa 5.9, walifariki watu zaidi ya 15 na nyumba maelfu zikabomoka au kupasuka, mpaka upande wa Uganda walipata madhara. Mimi nilienda wiki mbili baadae na wenzangu watatu, tunapita nyumba kwa nyumba tunaandika ipi watu warudi kulala ipi wasiisogelee. Nilikua bado sijapata usajili kamili, naongozana na wakubwa, na naomba niseme ukweli: sikujua natafuta nini. Miaka minne chuoni na minne kazini, tetemeko nilikua nimelisoma kama mada ya jioni ya Ijumaa. BS 8110 haina habari nalo, Mwingereza nyumbani kwake hatetemeki.

Nilichojifunza nilijifunza kwa kuangalia. Kuta za pembetatu pale juu chini ya paa, zile ndizo zilizoanguka kwanza, zinadondoka nje kama mlango. Kona za nyumba zimeachana. Nyumba ina lenta juu ya mlango tu na juu ya dirisha tu, vipandevipande, ukuta umekatika kati ya kipande na kipande. Nyumba ya jirani, tofali zile zile, fundi yule yule pengine, lenta imezunguka nyumba nzima imefunga kona, ina nyufa nywele tu na mama yuko ndani anapika. Tofauti yao ni nondo chache na mifuko kadhaa ya saruji. Bibi mmoja tulimkuta amekaa nje ya nyumba ya tofali iliyopasuka, anatuangalia tunavyopima pima, akatuambia, "Waitu, msonge wa baba yangu ungecheza ukaacha." Na ni kweli, nyumba ya miti na nyasi ni nyepesi na inapinda, haikuui.

Jioni gesti nikampigia rafiki yangu injinia Nairobi, nikamwuliza nyie mnafanyaje. Akacheka, akanitumia kwa WhatsApp picha za kurasa, amezipiga na simu, za kitabu cha serikali ya Kenya cha mwaka 1973 cha kujenga kwenye maeneo ya matetemeko. 1973! Kina ramani, kina michoro ya jinsi ya kufunga kona, kurasa chache tu, lugha nyepesi ambayo fundi angeielewa ukimtafsiria. Kilikuwepo miaka yote hiyo hapo jirani, mpaka mmoja tu kuvuka, na mimi ndio nakisikia leo. Niliporudi ndio nikaanza kusumbua watu, ofisi ya jiolojia Dodoma kwa rekodi, tovuti ya Wamarekani ya USGS kwa matetemeko ya zamani, nikakuta Rukwa 1910, tarehe 13 Desemba, ukubwa 7.4, moja ya makubwa kabisa yaliyorekodiwa Afrika. Niliuliza wenzangu kumi ofisini nani amewahi kusikia. Mmoja, na yeye ni kwasababu babu yake wa Sumbawanga alimsimulia.

Ofisi za serikali wanaziogopa bure. Nimeenda NHBRA, wale wa utafiti wa nyumba na vifaa vya ujenzi, maeneo ya Mwenge, kuuliza tu kuhusu matofali ya kufungamana, nikategemea nitaambiwa andika barua, nikakaa masaa mawili na mzee mmoja ananionyesha mashine na jinsi udongo mbaya unavyovunja tofali ukilishika mkononi. BICO pale Mlimani wanapima zege na udongo. Bei za vifaa NCC, baraza la ujenzi, wana fahirisi zao. Mkandarasi ukimtilia shaka, rejesta ya CRB, bodi ya makandarasi, iko wazi, injinia hivyo hivyo ERB, na kibao cha saiti usome, kama jengo linapanda na halina kibao basi hapo kuna jambo. Baada ya lile jengo la Kariakoo kuporomoka Novemba 2024 simu yangu haikupumzika, mashangazi, majirani, mtu niliyesoma naye shule ya msingi, "njoo uniangalizie nyumba yangu", na wengi wao swali la kwanza nilikua nawauliza aliyeisanifu ni nani, na hawajui. Risiti ya friji anayo, jina la injinia hana.

Sasa hivi niko na kazi Mtoni, duka chini na vyumba juu. Mwenye kiwanja ana haraka, ameshaleta nondo, na asubuhi yule kijana wangu wa SEAP kanipigia anasema dada nimepima tano, zimetoka 10.5, 10.6, ni 12 kamili, nikamwambia pima nyingine za chini ya rundo, za juu huwa zinapangwa. Shimo la majaribio tumelichimba juzi, mita mbili, mwenye kiwanja kanihakikishia hapa hapajawahi kuwa na maji toka azaliwe. Mama muuza chapati upande wa pili wa barabara yeye anasema ngoja mvua. Kesho alfajiri naenda kulichungulia.